Mlango wa Mzazi

Mwezi uliopita tulisoma hitma ya arobaini ya Sista Khadija. Ng'ombe alichinjwa, pilau ikapikwa kwenye sufuria kubwa za msikitini, turubai likaletwa kutoka Garsen, na chifu akasimama na kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mama wa kijiji kizima. Akasema, "Huyu mama hakuwahi kupumzika. Hakuwahi kusema nimechoka. Ukipiga hodi saa yoyote, anafungua." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakajipangusa macho kwa ncha za leso. Mimi nilikuwa kwenye mkeka wa wanawake, sahani mbele yangu, na ule wali ukanigeukia mchanga mdomoni. Maana nilimjua Sista Khadija kabla nusu ya watu waliokuwa pale hawajazaliwa, na nilimsikia kwa masikio yangu haya akisema amechoka. Alisema si mara moja. Alisema kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu, na waliomsikia wengine walikuwa pale pale chini ya turubai wakilamba vidole.

Nyuma kabisa, karibu na kamba, alikaa mwanamke wa makamo aliyetoka Mombasa asubuhi ile. Alikaa kama mgeni, mkoba mapajani, na hakuna aliyemwambia sogea mbele. Nilimjua kwa paji la uso. Ni Zainabu, mtoto wa pekee wa Sista. Nikainuka na magoti yangu haya nikaenda kukaa naye. Chifu alipomaliza, Zainabu akaniinamia akaniuliza polepole, "Mama Jilo, wamesema alikuwa mama wa wote. Na mimi nilihesabiwa humo?" Sikumjibu pale, kwa sababu jibu lake ni refu kama mwaka mzima. Ni mwaka wa mafuriko, wakati mimi ni mke mchanga na mfagiaji wa zahanati. Nitausema kama ulivyokuwa. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mtu asitafute maneno ya kupambwa hapa.

Zahanati yetu ilikuwa nyumba moja ya mawe na mabati, iliyokatwa katikati kwa ukuta. Mbele ni kazi: chumba cha sindano, chumba cha kuzalishia chenye kitanda cha chuma, na baraza yenye benchi. Nyuma ni kwake Sista, muuguzi wetu wa pekee: chumba cha kulala, kijisebule cha kupitia, na jiko la makuti nje. Ule ukuta haukufika juu. Uliishia chini ya bati, ukaacha nafasi ya mtu kupitisha kichwa, kwa hiyo harufu ya dawa iliingia kwenye mchuzi wake na harufu ya mchuzi wake ikawaendea wagonjwa. Nimemwona mara nyingi amekaa kitini anakula wali na kambare, na upande wa pili mtu anatapika. Anainua kichwa, anasema juu ya ukuta, "Mpe maji kidogo kidogo, usimmiminie," halafu anarudi kwenye tonge lake. Aliyeijenga nyumba ile hakufikiri kwamba muuguzi ana tumbo, ana usingizi, ana mume wa kumtembelea. Aliijenga kama mtu anavyojenga zizi, ng'ombe akae karibu na anayemkamua.

Na sisi tukamalizia. Kwetu mlango wa mtu haufungwi mchana. Ukiona mlango umefungwa na jua linawaka, ama wenyewe wamesafiri, ama wamegombana na watu. Na hodi haikataliwi. Anayeisikia akanyamaza, jina lake huchafuka mpaka Wenje. Lakini ipo nyumba moja ambayo hodi yenyewe haipigwi ovyo, nayo ni nyumba ya mzazi. Mwanamke akijifungua, arobaini yake ni yake. Hapiki, hateki maji, hagusi jembe. Anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, ananyonyesha, analala. Kinachoruhusiwa ni kwenda kumwona mtoto, na huendi mikono mitupu. Unabeba mayai au kuku, unakaa kidogo, unaondoka. Mume akimtuma mzazi hata kuni, wazee watamwita na kumtoza mbuzi. Katika hilo sisi watu wa mtoni hatuna mchezo, na nasema kwa fahari, ingawa fahari yenyewe ina doa.

Katika kijiji kile hakuna aliyekuwa mkali juu ya arobaini kama Sista Khadija mwenyewe. Alikuwa mtu wa Kipini, maneno yake laini kama ya watu wa huko, lakini kwa hili alikuwa na ulimi wa wembe. Nakumbuka alivyomsimamisha baba mmoja pale barazani, mkewe akiwa ndani na kitoto cha siku ile ile. "Hamisi, mie nitasikia. Mkeo akionekana na ndoo mtoni, nitakuja nyumbani kwako na ile sindano ya ng'ombe, na si mkeo nitakayemchoma." Watu wa benchi walicheka mpaka mmoja akasahau homa yake. Hamisi akasema, "Sista, mimi mwenyewe nitateka." Na aliteka kweli, tulimwona, ndoo kichwani na aibu usoni. Ndivyo Sista alivyowapatia wanawake wetu mapumziko, mmoja mmoja, kwa vitisho na kwa mzaha.

Halafu akashika mimba yeye. Mumewe alikuwa dereva wa lori, alipita akipata njia. Mimba ilipokuwa kubwa Sista aliwaomba wakubwa wake walete mtu wa kumshikia kazi, wakamwambia mtu yuko njiani. Nilimsikia akimwambia mumewe jikoni, "Kila nikiuliza ni yuko njiani. Njia gani hiyo isiyofika?" Masika ile mto ukavunja kingo. Maji yakaingia mashamba ya mpunga, barabara ya Garsen ikakatika, na kilichobaki kuvuka ni mtumbwi. Ule mtu wa njiani akapata sababu nzuri ya kutofika.

Sista alijifungulia kwenye kitanda kile kile cha chuma alichotuzalishia sisi. Mkunga wetu wa kienyeji, Bi Mariamu, ndiye aliyempokea mtoto, na Sista akimwelekeza huku ameuma leso: "Usivute. Ngoja. Sasa." Yaani hata kuzaa alizaa kazini. Akatoka msichana, Zainabu. Nikampikia kuku, nikasaga pilipili manga, nikatundika kanga nzito kwenye mlango wa nyuma ili upepo wa maji usimpate. Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Alilala. Nilikuwa sijawahi kumwona amelala mchana. Mdomo wazi, mkono umening'inia kitandani, kama mtoto aliyetoka kucheza.

Kwanza walikuja kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Hakuna aliyepiga hodi ya dawa. Wote walijua mwiko. Walikuja kumwona mtoto. Mama mmoja aliingia na mayai kwenye kapu, akaketi, akasema mashaallah, akasifia nywele za mtoto, akauliza maziwa yanatoka. Alipokuwa anainuka akafunua upande wa leso yake, na humo mgongoni mlikuwa na mtoto wake mwenyewe anawaka homa. "Na huyu naye, Sista, kwa kuwa nimefika tu." Sista akanyoosha mkono akamgusa shingo. Nani angeacha kunyoosha mkono? Kesho yake wakaja wawili wenye mayai. Baadaye ikawa kila mwenye jipu, mwenye kuhara, mwenye mkono uliovunjika, ana yai. Jiko la Sista likajaa mayai mpaka yakaanza kunuka. Tukamla mzazi kwa kupitia mlango wa heshima, na kila mmoja akaondoka anajiona hakuvunja mila.

Mimi nilikuwa upande wa kazi nafagia, na benchi lilikuwa chini ya dirisha, kwa hiyo maneno yao niliyapata yote. "Huyu si mzazi kama sisi, huyu ni wa serikali," mmoja alisema. Mwenzake akajibu, "Wa serikali huzaa na kusimama, kama ng'ombe." Wakacheka. Mwanamke wa tatu, niliyemjua vizuri, aliyemaliza arobaini yake mwezi uliotangulia amenona kama samli, akasema, "Lakini si analipwa? Mimi nilipolala arobaini nani alinilipa?" Nikasimama na ufagio. Nikamwambia, "Ulilala kwa sababu yeye ndiye aliyemtisha mumeo." Akanitazama kama anatazama kuku aliyeongea, akawaambia wenzake, "Siku hizi hata ufagio unatoa fatwa."

Halafu akaja mwenyekiti wa kamati ya zahanati, Mzee Komora, na hakuleta yai. Alisimama nje ya ile kanga niliyotundika, akakohoa, akasema, "Sista, hatukulazimishi. Tunaomba tu. Nusu siku. Watu wanateseka." Nikasikia kitanda kikilia, Sista anakaa. Nikamwambia mzee, "Baba, mkeo mdogo alipozaa uliwaita dada zake wawili waje kupika, na wewe mwenyewe ukahamia barazani." Hakunigeukia. Alisema, "Mama Jilo, kazi yako ni kufagia. Fagia." Na Sista, kutoka ndani, sauti imeishiwa nguvu: "Wacha, Mama Jilo. Nitatoka." Arobaini yake haikufika hata nusu.

Katika mwezi ule alikuja mtu mmoja tu aliyerudi bila kuingia. Alikuwa Morma, kabila la wafugaji majirani zetu, jina lake Godana, ametoka na ng'ombe zake kwenye kinyika cha juu ambako maji hayakufika. Alimleta ndugu yake aliyepigwa pembe pajani. Akaniuliza, "Daktari iko?" Nikasema yuko, lakini ni mzazi, arobaini haijaisha. Akasimama pale pale. Akageuza uso usielekee ule mlango wenye kanga. "Hapo mimi siingii," akasema. "Kwetu pia hapana." Watu wa benchi wakamwambia ingia tu baba, sisi sote tunaingia, lete yai. Alikaza kitambaa cha ndugu yake, akanipa kibuyu cha maziwa, akasema, "Peleka kwa mama," wakashuka kutafuta mtumbwi wa Garsen. Nyuma wakamcheka kwamba mtu wa ng'ombe atajua wapi thamani ya sindano. Yule ndugu nilimwona baadaye sokoni Garsen. Alikuwa anachechemea, sitaficha. Rafiki wa kweli wa Sista mwaka ule alilipia heshima yake kwa mguu wa ndugu yake. Sista alikunywa yale maziwa kwa mikono miwili kama mtoto, akashusha kibuyu, akasema, "Huyu ndiye wa kwanza kukumbuka kwamba nimezaa."

Nilimbeba Zainabu mgongoni nikifagia. Alilia upande wa nyuma wa ukuta, na mama yake upande wa mbele alikuwa anapokea mtoto wa mwingine, gauni jeupe limelowa kifuani maziwa yanapomwagika bure. Akimaliza, anakuja mbio, anakaa, anampakata mtoto, na kabla mtoto hajashika vizuri, hodi. Maziwa hayapendi kuitwaitwa. Yakapungua, yakakatika. Na yeye mwenyewe akaanza kukatika. Alikuwa mtu wa mzaha, mzaha ukaisha. Aliacha kuchana nywele. Nampelekea chakula jioni nakikuta mchana wa pili, wali umekauka, inzi wameshiba. Siku nyingine alicheka mahali pasipo na kicheko. Mtu anamweleza kuhara damu, yeye anacheka, halafu anaomba radhi, halafu anasahau kwamba ameomba, anaomba tena.

Asubuhi moja alikuwa anamweleza binti aliyejifungua mambo ya arobaini, yale maneno yake ya siku zote. Usiinue ndoo. Usikubali kutumwa. Ulale mtoto akilala. Katikati akanyamaza. Akamwuliza yule binti, "Nimefika wapi?" Binti akasema, "Mtoto akilala, Sista." Sista akasema, "Ah." Akavua funguo za zahanati kiunoni, akapita katikati ya benchi lililojaa bila kumtazama mtu, akashuka mtoni, akazitupa. Nilimfuata na mtoto mgongoni. Nilimkuta amekaa kwenye tope na gauni lake jeupe, mahali ambapo mamba huota jua, anatazama maji yalipozimeza. Watu wakafika nyuma yangu, Mzee Komora mbele. Sista hakugeuka. Akasema, wazi, kila mtu akasikia: "Mie nimechoka. Mwambieni mtu huko mbele. Nimechoka."

Na unajua walisema nini? Walisema ana jini. Mwanamke anayesema amechoka mchana kweupe mbele za watu, hiyo si sauti yake, hilo ni jini la mtoni. Wakaleta mganga, wakafunga baraza kwa shuka, wakamfukiza ubani na kupiga ngoma mpaka mtoto akashtukashtuka. Usingizi ndio uliokuwa dawa yake, na usingizi ndio walioufukuza kwa ngoma. Fundi akavunja kufuli la kabati la dawa, Mzee Komora akaleta kufuli jipya, na kabla harufu ya ubani haijatoka chumbani, benchi lilikuwa limejaa. Mama yake Sista akaja kwa mashua kutoka Kipini, akamfunua mjukuu akaona mbavu, akasema huyu naondoka naye. Akamwambia na binti yake apande. Sista akatazama chumba cha kuzalishia. Mlikuwa na mwanamke mle, uchungu umemkaza tangu alfajiri. Akasema, "Nikimwacha huyu atakufa." Akabaki. Zainabu akavuka maji bila mama, na yule mwanamke hakufa, naye mwezi uliopita alikula pilau.

Maji yalipopungua likaja gari. Wakubwa wakashuka, wakasifu, wakapiga picha, wakampa Sista saa ya ukutani kwa kazi njema. Mtu wa kumshikia hawakuja naye. Zainabu akalelewa Kipini, kisha Mombasa, akamwona mama yake Idi kwa Idi akiwa amevaa gauni la kazi. Ile saa ilining'inia pale sebuleni mpaka Sista amestaafu na mpaka amekufa, na watu wakaiangalia wakimsubiri amalize kula.

Mwaka ule ndio ulionifanya hivi nilivyo, mkali, mwenye kusemwa. Watoto wangu wanasema mama hana mzaha. Mzaha niliuacha kwenye lile tope. Na nisingeyatoa haya yote sasa kama si mjukuu wangu Mwanaisha, ambaye naye ni nesi, peke yake kwenye zahanati moja ndogo nje ya Garsen, na amejifungua wiki iliyofuata baada ya ile hitma. Siku hizi likizo ya uzazi ipo, ya sheria, na wa kumshikia pia yupo, wanasema yuko njiani. Nilipofika chumbani kwake nyuma ya zahanati nikamkuta mtoto kifuani na simu sikioni. Hodi siku hizi haina miguu, inaingia mpaka kitandani. "Nyanya, ni swali dogo tu, wananiuliza dozi." Nikamwuliza simu inalia mara ngapi. Akasema, "Hata nikiizima naisikia. Nikifunga macho naisikia." Akacheka. Nilikijua kile kicheko. Nikamnyang'anya simu nikaifukia ndani ya debe la unga, na pale ikalia weee, mpaka ikachoka yenyewe.

Leo adhuhuri wamekuja wawili, mama na dada yake, na trei ya mayai. Wamekuja kumwona mtoto. Mgongoni mwa mmoja leso imetuna. Nikasimama mlangoni, nikapokea mayai, nikawashukuru. Nikasema, "Mzazi amelala. Huyo wa mgongoni mpelekeni Garsen, hospitali iko, bodaboda hiyo hapo." Yule mama akasema, "Nyanya, anakohoa tu, amwangalie kidogo." Nikamfunua mimi. Anakohoa, ndiyo, na mkononi ana mandazi anayatafuna vizuri. Wakaenda wakinung'unika. Najua ipo siku atakuja asiyetafuna mandazi. Simlaumu mgonjwa, mgonjwa ana haki yake. Lakini haki yake iko kwa wale waliopewa kazi ya kuleta muuguzi wa pili. Haiko kwenye ziwa la mzazi.

Baadaye akafika kijana wa kamati, mstaarabu, kofia mkononi. "Nyanya, mbona mmefunga mlango mchana? Watu watasema." Nikamwambia, "Waache waseme. Wewe wapigie wakubwa wako, uwaambie nyanya mmoja mbaya amefunga zahanati." Akasema simu yake haina chaji. Nikamwambia aende akachaji.

Zainabu, hili ndilo jibu lako, na nitamtuma mtu akusomee kama mwandiko wangu utakushinda. Hapana, hukuhesabiwa. Mlango wa mama yako ulikuwa wazi kwa watu wote, na wewe ukatolewa nje humo humo. Huu wa Mwanaisha nimeubana kwa kiti, na kiti nimekikalia mimi. Jua linawaka. Nje wanapita wanatazama. Ndani mtoto ananyonya, namsikia anavyomeza.